Sura ya Tisa: Mkono wa Des

Transfoma ilikaa juu ya meza ya Sajini Lorna Tregenza tangu asubuhi, imezungushiwa taulo la jikoni lenye picha za ndege, na kila askari aliyepita aliuliza kama ni keki. Lorna alishachoka kujibu. Nje ilikuwa inanyesha mvua ya Queenstown, ile ya kila siku isiyo na haraka wala haya, na vilima vipara vya mgodini vilikuwa vimemezwa na ukungu.

Bi Avis Pruitt ndiye aliyeileta. Aliingia na koti linalochuruzika maji, akaitua mezani kwa mikono miwili, akafunua taulo, akasema amekiokota kitu hicho kwenye rafu ya duka la jalalani kule Zeehan.

"Huu ni mkono wa Des," alisema, akigusa waya wake wa shaba. "Mume wangu yuko hai, Lorna. Nataka mwende mkamtafute."

Des Pruitt alikuwa ametoweka miaka minne iliyopita. Alikwenda Ziwa Burbury kuvua trauti, mashua yake ya bati ikakutwa imepinduka, na yeye hakuonekana tena, hata kofia. Lorna mwenyewe ndiye aliyewasimamia wapiga mbizi. Ziwa lile lilipojazwa maji lilizamisha msitu mzima, na miti bado imesimama huko chini. Kinachonasa kwenye matawi yake hakirudi juu kirahisi. Sasa Ijumaa hii hakimu wa uchunguzi wa vifo angekaa kule Burnie, atamke kwamba Des amekufa, na jalada lifungwe. Avis alitaka kikao kile kisimamishwe. Hakuwa na neno lingine.

Kwa asiyezijua kazi za wazee wenye karakana, habari yenyewe ni hii. Ukiipasua oveni ya maikrowevu iliyotupwa, ndani utakuta transfoma nzito kama tofali. Ina koili mbili: moja hupokea umeme wa nyumbani, ya pili huukuza hadi kiwango cha kuua ng'ombe. Fundi huikata hiyo ya pili kwa msumeno, huing'oa kwa patasi, na mahali pake husuka kwa mkono waya mnene wa shaba, mizunguko michache tu, ili itoke volti ndogo na ya upole. Hiyo ndiyo inayofaa kwa mota za hatua, vile vimota vinavyozunguka kidogo kidogo kwa kuhesabiwa, ambavyo wapenda ufundi huvifunga kwenye mashine zao za kuchonga mbao. Des alikuwa gwiji wa mambo hayo. Alisuka mota za mgodi maisha yake yote, na alipostaafu hakuweza kukaa bila shaba mkononi.

Kilichomkwaza Lorna ni kijikaratasi cha kiwandani kilichobandikwa kwenye chuma. Kilitaja mwaka transfoma ilipotengenezwa, na mwaka huo ulikuja baada ya Des kutoweka. Kama kweli ni Des aliyeisuka, basi aliisuka wakati wapiga mbizi wameshakwenda zao makwao.

Mkubwa wake wa Burnie alimwambia kwenye simu asipoteze petroli ya serikali kwa ajili ya chuma chakavu. Lorna akaitikia, akakata simu, akachukua funguo za gari. Blanketi la viraka lililokuwa kitandani kwake alilishona Avis, na Lorna hakuwa tayari kumwambia mwanamke yule kwamba hakuna aliyetazama.

Kabla hawajaagana pale kituoni alikuwa amemuuliza Avis kidole kimefanya nini, maana kilikuwa na plasta. Avis akasema ni kikwaruzio cha jibini.

*

Duka la jalalani la Zeehan liko pale pale linapotupwa takataka za mji, na mwenye kulisimamia, Kelso, ni mtu wa makamo ambaye hajavua kofia yake ya sufu tangu Lorna amjue. Hapo watu huleta walivyovichoka, na wengine huja kuvinunua. Kelso aliitambua transfoma mara moja. Nani aliileta? Hapo akakuna kofia. Vitu huja kwenye maboksi, alisema, mtu anashusha, anaondoka, yeye anapanga baadaye. Hawezi kuapa.

Lorna akamuuliza basi Bi Avis aliinunua vipi. Kelso alisema mama yule ni mteja wake mzuri. Siku hiyo alikuja kama kawaida yake, akashusha kwanza vikorokoro vyake vya kutoa, chupa tupu na mapazia, akaenda kuzunguka kule kwenye vitabu. Baadaye akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya vyuma kama mtu anayefuata mkate dukani, akaishika transfoma, akaanza kulia. Kelso aliona vibaya kumtoza, akampa bure.

"Ila kama unatafuta mtu wa maikrowevu, sajini, usinizungushe mimi," alisema. "Nenda kwa Clarrie Doolan. Kila oveni inayofika hapa anaikwapua kabla sijaiwekea bei."

Lorna aliyaandika yote. Jina la Clarrie alilipigia mstari, kwa sababu Clarrie Doolan ndiye mtu wa mwisho aliyeongea na Des kabla hajaingia ziwani.

*

Karakana ya Wanaume iko nyuma ya uwanja wa mpira, ule wa kokoto unaowachuna wachezaji magoti. Ni banda la wastaafu. Wanatengeneza viti vya watoto, wanakunywa chai, na wanasengenya kuliko mkutano wowote wa akina mama. Lorna alipoingia mazungumzo yalikatika, misumeno ikazimwa, na Clarrie akamwita kutoka kwenye benchi lake la pembeni: "Polisi wetu! Umekuja kumkamata nani? Kama ni kwa ajili ya biskuti zilizoibwa, mwizi ni huyu hapa mwenye tumbo."

Lorna hakucheka. Aliitua transfoma mbele yake, akafunua taulo.

Clarrie alivaa miwani, akaivuta transfoma karibu na taa, akapitisha kidole gumba juu ya shaba taratibu sana. Tabaka moja la waya na lingine yalitenganishwa na karatasi ya kuokea mikate. Ncha ilifungwa kwa uzi mzito wa kushonea mablanketi ya viraka, mafundo matatu yaliyolala pamoja. Hakuna waya uliopanda juu ya mwenzake.

"Umeipata wapi?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya utani.

"Nijibu wewe kwanza. Nani aliisuka?"

"Des."

"Una hakika?"

"Nilifanya kazi na yule bwana tangu hatujaota ndevu. Karatasi ya jikoni, uzi wa mkewe, mafundo matatu. Mgodi mzima alifunga hivyo yeye peke yake." Aliivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Yuko wapi huyo mshenzi?"

Lorna akamgeuzia swali. Alimwambia kuwa oveni zote za Zeehan zinapitia kwake, kwamba yeye ndiye aliyeagana na Des siku ile, na kwamba kama kuna mtu wa kumficha Des au kuuigiza mkono wake, mji mzima ungemtaja Clarrie. Alimwambia akiwa amemkazia macho. Wazee wengine walijifanya wanatafuta bisibisi.

Clarrie aliunyanyua mkono wake wa kulia akauweka chini ya taa. Vidole viwili vya mwisho havikuwepo, vilibaki kwenye winchi ya mgodini zamani.

"Waya huu unaukaza kwa mkono mzima, Lorna. Mimi naikata tu ile koili ya zamani. Kusuka alikuwa ananisukia Des." Akashusha mkono. "Na kama ningejua aliko, unadhani ningekaa hapa nagundisha viti? Ningeshakwenda kumvunja taya, halafu nikamnunulia bia. Miaka minne namwekea kikombe chake pale kwenye msumari. Kila asubuhi nakiona."

Lorna alikitazama kikombe. Kilikuwa cha bluu, kimeoshwa, hakina vumbi. Alimwamini, na kumwamini kulimvunja moyo, kwa maana njia yake ya kwanza ilikuwa imefia hapo.

Lakini Clarrie hakuwa amemaliza. Aliirudia transfoma, akaigeuza, akaigeuza tena, uso umekunjamana.

"Kuna kitu," alisema. "Sijui ni nini. Unajua unapomwona rafiki yako kwenye kioo cha kinyozi? Ni yeye, lakini siye kabisa. Halafu hiki kijikaratasi. Des alikuwa anakibandua kabla ya yote, alisema kikipata moto kinanuka."

"Una kazi yake nyingine hapa?"

Alikuwa nayo. Mashine ndogo ya kuchonga ya karakana ilikuwa inakula umeme wa transfoma iliyosukwa na Des mwaka uleule aliotoweka. Wazee walilalamika kidogo, maana walikuwa katikati ya kuchonga kibao cha shule, kisha Clarrie akaichomoa mwenyewe. Lorna aliziweka mbili pamoja juu ya benchi. Karatasi ileile, uzi uleule, mafundo yaleyale. Alizitazama mpaka macho yakamuuma na hakuona kitu. Akazibeba zote mbili hadi kwenye gari, moja kila kwapa, na mvua ikimnyeshea.

*

Avis alikuwa amempikia skonzi za maboga kama vile alijua atakuja. Jiko lake ni dogo: meza katikati, dirisha upande mmoja, jiko la kuni upande wa pili, na viti viwili vinavyotazamana. Lorna alizitua transfoma mezani, akavuta kiti kilichokuwa karibu naye.

"Siyo hicho, mwanangu," Avis alisema haraka. "Hicho ni cha Des. Ngoja nikuletee stuli."

Akaleta stuli, akaiweka kwenye pembe ya meza, kisha akakaa mahali pake. Alimimina chai. Aliuliza kama Burnie wameshaambiwa, kama kikao kitasogezwa, kama wataanzia kutafuta kwenye kisiwa hiki chetu au watavuka bahari kwenda bara. Alikuwa amewaza sana. Des angependa Queensland kule bara, alisema, kwa sababu ya magoti yake, joto lingemfaa. Labda aligonga kichwa akapoteza kumbukumbu, mambo hayo hutokea, lakini mikono haisahau. Aliongea huku uso umechangamka, na Lorna hakukumbuka lini alimwona hivyo mara ya mwisho.

Lorna aliacha aongee. Macho yake yalikuwa kwenye shaba. Hapo mezani, kwa mwanga wa dirisha, aliona kile ambacho taa ya karakana ilikificha. Waya mnene ukisukwa haukai wima. Kila mzunguko hulala kidogo upande mmoja unapomfuata mwenzake. Kwenye transfoma ya karakana mizunguko ilikuwa imelala kulia. Kwenye ile ya Zeehan ilikuwa imelala kushoto.

Akaigeuza ya Zeehan nyuma mbele. Bado kushoto. Akaipindua juu chini. Kushoto. Umeme haujali waya umelala wapi, ndiyo maana hata Clarrie hakuukagua mlalo. Lakini mtu aliyesuka vilevile tangu ujana wake hawezi kuamka siku moja akasuka kinyume.

"Bi Avis," alisema, "Des alikuwa anasukia wapi? Karakana?"

"Wee! Karakana alikwenda kupiga soga. Kusuka alisukia hapa, kwenye meza hii. Yeye kwenye kiti chake, mimi hapa, nimeshika roli la waya. Ilikuwa lazima mtu ashike, la sivyo waya unajikunja. Jioni nzima tunatazamana tu na redio inaongea." Alitabasamu. "Dada yangu alikuwa ananicheka, anasema wenzako wanapelekwa dansini."

"Alianzia upande gani?"

"Dirishani. Daima alianza dirishani anakuja kuelekea jiko la kuni."

"Na waya aliupitisha vipi?"

Avis akaonyesha kwa mkono mtupu: juu, kutoka kifuani kwenda mbele, kisha unarudi kwa chini. Mkono wake uliijua njia bila kufikiri. Plasta ilikuwa bado iko kidoleni, na Lorna akaona sasa kwamba haikufunika alama moja ya kikwaruzio. Ilikuwa juu ya mfereji mwembamba uliozunguka kidole, kama uliokatwa na waya, na kidole cha pembeni yake kilikuwa na mfereji kama huo.

Lorna aliweka kikombe chini.

"Des akikaa kwenye kiti chake, dirisha liko kushoto kwake," alisema polepole. "Anaanza kushoto, anasukuma waya mbele ya kifua, mizunguko inalala kulia. Hii hapa ya karakana. Wewe ukikaa hapo ulipo, dirisha liko kulia kwako. Umeanza dirishani kama alivyokuwa anaanza yeye. Umesukuma waya mbele ya kifua chako kama alivyokuwa anafanya yeye. Kila kitu umefanya kama yeye, Bi Avis. Ila ulikuwa upande wa pili wa meza."

Avis alichukua skonzi akaipasua katikati, akaviweka vipande viwili kwenye sahani bila kuvila.

"Ulimpelekea Kelso kwenye boksi pamoja na mapazia," Lorna aliendelea. "Ukangoja aipange. Kijikaratasi ukakiacha makusudi, kwa ajili ya mwaka."

"Ungekaa kwenye kiti chake," Lorna alisema tena, "mimi nisingejua. Hakuna mtu angejua."

"Nilijaribu," Avis alisema. "Nilivuta kiti. Nikasimama nyuma yake na patasi mkononi kama mjinga. Sikuweza kukaa. Nilisema, akirudi na kukuta nimekaa hapa, atanicheka." Akakusanya makombo ya skonzi kwa kidole. "Nikarudi kwangu. Roli nikalishikilia kwa magoti."

Mvua iliongezeka juu ya bati. Lorna alimuuliza kwa nini, ingawa alikuwa analijua jibu.

"Kwa sababu Ijumaa mtafunga. Watu wa hapa ni wazuri, waliniletea supu, wakaniambia pole, basi. Clarrie anavuka barabara akiniona maana hajui aseme nini. Ni jalada lako tu lililobaki, Lorna. Wewe ndiye mtu pekee ambaye kazi yake ni kuuliza Des yuko wapi. Mkishafunga nani atauliza?" Akajifuta macho kwa kiganja. "Namtaka, mwanangu. Sitaki karatasi ya hakimu. Namtaka yeye, na uchafu wake wa shaba sakafuni."

Avis akanyanyuka, akafungua mlango wa chumba cha nyuma, akamwonyesha mashine ya Des. Aliiacha haijakamilika: fremu ya alumini, kigari kidogo juu ya reli, mota za hatua mahali pake, ila hazikuwa na umeme. Chini yake kulikuwa na transfoma nyingine, na mizunguko yake ilikuwa imelala kushoto. Hii ndiyo aliyoisuka kwanza, Avis alisema, kabla hajafikiria kumdanganya mtu yeyote. Alitaka tu kuimaliza kazi ya Des. Aliharibu waya mwingi. Alipima volti kwa mita ya Des, akaongeza mizunguko, akapunguza, na siku mota zilipoitika alikuwa peke yake nyumbani, hakuna wa kumwita aone.

Akabonyeza swichi. Mota zikaanza kunguruma kwa sauti ndogo.

"Hazina kazi yoyote," alisema. "Sijui hata alitaka kuchonga nini, hakuniambia. Lakini jaribu kusogeza hicho kigari."

Lorna akakisukuma. Hakikusogea hata unywele.

"Zikiwashwa zinashika, hata kama haziendi popote. Jioni naziwasha nikae nazisikiliza."

Walisimama pale wote wawili wakisikiliza. Kisha Lorna alisema lile alilopaswa kusema: kwamba itabidi aandike ukweli, kuwa transfoma ile imesukwa na mke, na kwamba kikao kitakaa Ijumaa kama kilivyopangwa. Ataandika pia sababu, na yeyote wa Burnie anayetaka kumshtaki Avis atakuja kwanza kumwona yeye. Mwisho akasema atampeleka Burnie kwa gari lake mwenyewe, na kwamba Clarrie naye atakuja, apende asipende.

Avis alitikisa kichwa kukubali, mara moja tu. Alinyoosha mkono, akazima swichi. Mngurumo ukakatika. Akakigusa kigari kwa kidole kile chenye plasta, nacho kikateleza chenyewe mpaka mwisho wa reli.

Walirudi jikoni. Chai ilikuwa imepoa, na Avis akaweka birika tena motoni. Lorna aliifuata stuli yake kwenye pembe, lakini Avis alikuwa ameshakivuta kiti cha Des kutoka mezani na kukipangusa kwa aproni, ingawa kilikuwa safi.

"Kaa hapa," alisema. "Chai huinywi vizuri umejikunja kwenye stuli."

Lorna akakaa. Dirisha lilikuwa kushoto kwake, jiko kulia, na mbele yake Avis, ameketi mahali pake, akimtazama.